Ukuta wa Mzee Kohozi

Chumba cha chini,
Nyumba ambayo haijaisha,
Uchochoro wa nyuma ya saluni.

Jumapili, 17 Novemba

Mpendwa Dada,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu, ingawa pua imekunjwa. Hujambo? Shemeji hajambo? Ule mguu wako uliokuwa ukivimba jioni umepungua, au bado unaukanda kwa maji ya moto na kumdanganya daktari kwamba unameza vidonge? Wapwa zangu je? Kibonge bado ni kibonge, au ameanza kurefuka? Huku sote ni wazima kwa maana ya kwamba tunapumua, isipokuwa mimi, ambaye kupumua kwenyewe ndiko kunakonishinda.

Mama hajambo. Barua yako alisomewa, akataka asomewe tena, kisha akaiweka chini ya mto. Lile pazia ulilomtumia amelipenda, ila anasema maua yake yamezidi. Kila mgeni akija analivuta ili amwonyeshe jinsi yalivyozidi.

Umeniuliza nyumba imefika wapi, ukanisihi nisikufiche kitu. Sikufichi. Kama unakula, maliza kwanza.

Kiwanja unakikumbuka. Ulikiona mara moja, ukasema hicho si kiwanja, ni pengo la jino. Kulia saluni, kushoto nyumba ya yule mzee anayeishi chini na kupangisha juu, katikati sisi tumebanwa. Jambo ambalo sikukwambia wakati ule ni kwamba mtaa mzima ulikuwa ukikitumia kama jaa. Siku ya kuchimba msingi yalitoka magodoro yaliyooza, chupa, matumbo ya kuku, viatu vya upande mmoja mmoja, na mfuko mweusi ambao fundi aliufungua, akaufunga haraka, akaniambia nisiulize. Nilitapika mbele ya mafundi wangu mwenyewe siku ya kwanza ya kazi, na tangu hapo heshima yangu pale haijasimama vizuri. Wifi yako akanibatiza Bwana Pua. Sasa hata muuza kokoto ananiita hivyo.

Ningekiuza siku hiyo hiyo. Kilichonizuia ni mama.

Unajua tangu magoti yamkatae hajashuka zile ngazi za nyumba ya kupanga ila kwa kubebwa, tena kupelekwa hospitali. Alikuwa akishinda dirishani jikoni, na dirisha lenyewe linatazama matangi ya maji. Siku moja nilimkuta anabishana na mtangazaji wa redio. Anamuuliza swali, anangoja ajibiwe, anaudhika. Nikamuuliza, mama, vipi? Akasema, "Niongee na nani, mwanangu? Na matangi?" Nikamwahidi papo hapo chumba cha chini, mlango wake ukitazama uchochoro ili aone watu, na ndani yake kile kitanda cha mninga alichotengenezewa na baba. Akakubali kwa sharti moja, kitanda kisiguswe na msumeno. Basi hicho ndicho nilichokuwa najenga, Dada. Vyumba vyetu vya juu ni nyongeza tu.

Fundi mkuu tunamwita Usijali, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila swali. Umuulize ukuta mbona umeinama, usijali. Anaosha miguu kwenye pipa la maji ya zege, kisha anachota maji hayo hayo kwa kikombe anachonywea chai. Nimeona kwa macho yangu. Na kwa kuwa kiwanja hakina pa kuweka hata ndoo, mchanga ulimwagwa uchochoroni, na paka wote wa mtaa wakalipokea lile lundo kwa mikono miwili. Kila asubuhi nilikuwa nasimama pale na koleo nikichambua mavi ya paka kabla mchanga haujachanganywa, maana sikutaka mama alale ndani ya kuta za mavi. Nywele za saluni nazo zilipeperuka zikaingia kwenye plasta. Ukiupapasa ukuta wa ngazi utakuta unywele umejikunja mle ndani, mweusi, tena wa bandia. Usijali anasema unaimarisha.

Hayo yote ni cha mtoto. Aliyenitoa roho ni mzee wa kushoto. Jina lake nalijua, ila moyoni mwangu ni Mzee Kohozi. Jua halijachomoza vizuri, anatoka mlangoni kwake, anakohoa kikohozi kinachoanzia kwenye visigino, anavuta, anakusanya, anapima, kisha anatema. Siku ya kwanza alitema kando ya kigingi changu cha mpaka, akajifuta mdomo kwa kiganja, akaninyooshea kiganja hicho hicho tusalimiane.

"Kijana, nafasi yako ndogo," akasema. "Ukuta wangu huu ni mnene, wa zamani. Wewe simamisha nguzo zako tu, upande huu usijenge ukuta. Utapata chumba cha maana."

Nikamwambia ahsante mzee, tutaona. Nilikuwa natazama kile kiganja.

Alipoondoka nikamvuta Usijali pembeni, nikamwambia ukuta wetu usiguse ukuta wa mzee. Uachwe mkono mzima katikati. Nilikuwa nikiwaza kohozi linavyopenya kwenye tofali pole pole mpaka kwenye mto wa mama. Hiyo ndiyo siku pekee ambayo Usijali alijali. Alisema, "Bosi, mkono mzima kwa kiwanja hiki ni mwingi. Halafu hilo pengo nani ataingia kulisafisha?" Nikamwambia, kwani nani ataingia kulichafua? Nikajiona nimemjibu.

Jibu nililipata kabla kuta hazijafika usawa wa madirisha. Wapangaji wa juu wa mzee waligundua kwamba chini ya dirisha lao la jikoni kuna shimo jembamba, refu, lisilo la mtu. Basi ikawa sherehe. Maganda, mifupa ya samaki, mafuta yaliyochoka kukaangia, nepi zilizokunjwa kwa ustadi kana kwamba zinapelekwa zawadi. Na mle mtu mzima hapiti, ufagio haufiki, koleo haligeuki. Nilisimama chini nikapiga kelele, mapazia yakafungwa. Nikafunga ndoana kwenye ufito mrefu nikawa navua nepi kutoka upande wa uchochoro huku wasichana wa saluni wakinishangilia. Nilizotoa mchana zilirudi jioni na ndugu zao. Inzi wa pale, Dada, walinenepa mpaka wakawa wazito kuruka.

Hata hivyo nilijikaza. Nikasema ukuta wangu umesimama, uchafu uko nje, mama atakuwa ndani, yataisha.

Ndipo mama akaomba aletwe aone chumba. Mafundi wawili walimteremsha kwa kiti cha plastiki, naye njia nzima akisalimia watu asiowajua na kuwauliza habari za nyumbani kwao. Wifi yako alikuwa amechora kitanda sakafuni kwa chaki, kwa kipimo cha kamba ambayo mama mwenyewe aliipitisha kwenye kitanda na kuifunga fundo. Mama akasimama na mkongojo wake wa miguu minne, ule aliopewa hospitali, akaingia apite kati ya kitanda cha chaki na ukuta.

Hakupita. Mkongojo ulikwama. Akajaribu kwenda ubavu, akajaribu kurudi nyuma. Tulifuta chaki tukakigeuza kitanda kila namna. Kikikaa hivi kinaziba mlango, kikikaa vile kinamziba mama. Mwishowe akakaa juu ya mfuko wa saruji, akaitazama ile michoro, akasema, "Hakuna neno. Nitalala na mkongojo kitandani. Marehemu hatakuwa na wivu."

Usijali akacheka. Mimi nilitoka nje. Ulikuwa umepungua mkono mmoja tu, na mkono huo ulikuwepo pale pale, upande wa pili wa ukuta, umejaa nepi.

Tulipokuwa tunampandisha ngazi kumrudisha, mama aliniambia kwa upole kwamba kama ni shida basi abaki tu huko juu, matangi ameshayazoea. Hakuwa ananisuta. Alikuwa ananionea huruma. Kinyaa nimekionja cha kila aina mwaka huu, lakini cha kujichukia mwenyewe ndicho kilichoninyima usingizi.

Kesho yake nilipiga moyo konde nikabisha hodi kwa Mzee Kohozi. Sijui nikuelezeje kile chumba. Kitanda, jiko la mafuta, harufu ya nguo zilizokaukia ndani, na kopo moja mvunguni ambalo nalipita bila maelezo. Akanikaribisha, akanimiminia chai kwenye kikombe chenye mstari wa kahawia kwa ndani na alama za midomo ya wageni walionitangulia. Nikakipokea. Nikakipeleka mdomoni, nikakirudisha.

"Hujanywa," akasema.

"Ya moto, mzee."

"Haya. Sema kilichokuleta."

Nikasema. Nikamwomba ule ukuta alionipa siku ya kwanza. Akaweka kiganja sikioni, kiganja kile kile, akaniambia nirudie kwa sababu sikio hilo limezeeka. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, na safari hii nikaona anavyobana kicheko. Halafu kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja mpaka machozi yakamtoka, na alipotulia akaniita nisogee kitandani kwake.

Ukuta wa upande wangu ulikuwa umelowa kuanzia sakafuni mpaka usawa wa mto wake. Umeota ukungu, mwingine wa kijani, mwingine mweusi wenye manyoya. Mvua ilikuwa ikishuka kwenye pengo langu, takataka zinaizuia, maji yanakosa pa kwenda, yanaingia kwake. Mimi niliyeogopa kohozi lake lipenye kuja kwa mama, nilikuwa nimempitishia yeye maji ya nepi kichwani, usiku na mchana.

"Kikohozi nilikuwa nacho," akasema, "sikatai. Lakini kilikuwa changu mwenyewe. Hiki cha sasa umenisaidia wewe."

Nilishika tama mbele yake kama mtoto aliyevunja sahani. Akaniambia wapangaji ni wake, atawasema mwenyewe. Pengo ni langu, niliondoe, na ukuta nichukue, ndivyo alivyosema tangu mwanzo ila nilikuwa na haraka. Chai yangu ilibaki mezani imepoa. Wote wawili tuliiona na hakuna aliyeitaja tena.

Ubomoaji, Dada, sitausahau mpaka naingia kaburini. Usijali alipiga nyundo kutoka ndani, tofali la kwanza likatoka, la pili likatoka, kisha pengo zima likaamua kuja lenyewe. Lilimwagika chumbani kwa mama, juu ya chaki ya kitanda, likiwa na maji meusi, mafunza, na panya aliyekufa zamani kiasi kwamba alikuwa bapa. Mafundi walikimbia. Usijali, mtu wa pipa, yeye naye alitoka akakaa uchochoroni na kichwa kati ya magoti. Nikabaki mimi. Nilijifunga shuka usoni, nikashika koleo, nikazoa mpaka mchana ukaisha, nikitapika na kuendelea. Katikati ya kazi Mzee Kohozi alikuja mlangoni, akatazama, akafunika pua akasema, "Lo, kijana, panavyonuka!" Yeye! Kidogo nimrushie panya.

Tuliosha kwa sabuni na chokaa. Ukuta wake tuliuacha wazi ukapigwa na upepo mpaka ukungu ukakauka ukapukutika, halafu Usijali akahamisha nguzo na kuupiga plasta upande wetu, na kwa mara ya kwanza alifanya kazi ambayo hata mimi sikupata pa kutia kidole. Chumba kikapanuka. Wifi yako alichora tena kitanda kwa chaki, akachukua mkongojo akapita, akageuka, akarudi akicheza.

Mama hakungoja nyumba iishe. Zege la juu lilipokauka na mlango ukawekwa, alisema ahamishwe, na ukimjua mama hilo halikuwa ombi. Kwa hiyo yeye ndiye mwenyeji wa kwanza. Juu kwetu hakuna madirisha bado, ngazi hazina pa kushika, na njiwa wameshaanza kuchafua chumba changu cha kulala. Mimi na wifi yako tunapokezana kulala kwa mama. Kitanda cha baba kimekaa, kichwa chake kimeegemea ukuta wa mzee. Pazia lako liko dirishani na maua yake yote.

Sasa sikiliza adhabu yangu. Ule ukuta ni mnene kwa kila kitu isipokuwa sauti. Nikiwa zamu yangu, nimelala mkekani, kunapambazuka tu kikohozi cha mzee kinaanza, tena kana kwamba anakohoa sikioni kwangu. Anavuta, anakusanya. Najifunika mto kichwani nasikia vile vile. Wiki ya kwanza nilimwambia mama tukihamishe kitanda upande wa saluni, ambako angalau wanaanza kelele zao baadaye.

"Ukikihamisha nitajuaje kumekucha?" akaniuliza. Kisha, Dada, mama yako akanyanyua mkongojo akagonga ukuta. Upande wa pili akajibiwa kwa kikohozi kifupi cha kutengeneza, cha adabu kabisa. Nilikaa kitako. Kumbe hiyo ndiyo salamu yao ya kila siku. Mchana mzee huja na kiti chake mpaka mlangoni, wanawasema wapangaji wa juu, wanalinganisha magoti. Redio tangu tuhamie haijawashwa, nadhani betri zimeshavuja mle ndani.

Alhamisi iliyopita kikohozi hakikuja. Niliamka jua likiwa ndani, nikashangaa nimelalaje vizuri namna hii, nikamkuta mama ameketi kitandani anautazama ukuta. Akagonga. Kimya. Akagonga tena kwa nguvu. Kimya. Hakunitazama, alisema tu, "Nenda."

Nilitoka mbio bila viatu. Uchochoroni nilikanyaga kitu laini na sikukitazama, mimi huyu. Mlango wa mzee ulikuwa umefungwa. Nikapiga hodi, nikapiga tena, nikaita mzee, mzee, mpaka wapangaji wakachungulia dirishani. Nikaweka sikio mlangoni. Na huko ndani, polepole, nikasikia kitanda kinalia, kikohozi kinapanda kutoka kwenye visigino, anavuta, anakusanya, anapima, anatema kwenye lile kopo. Sijawahi katika maisha yangu kufurahishwa na sauti chafu kiasi kile. Nikakaa kizingitini kwake.

Akafungua, shuka kiunoni, macho bado ya usingizi. "Mama amekutuma?"

"Ndiyo, mzee."

"Mwambie nipo. Ukuta umekauka, kijana. Nimelala mpaka nimepitiliza." Akanitazama nilivyokaa pale na ule mguu wangu mmoja uliochafuka, akaingia ndani, akatoka na chai.

Nikanywa yote, Dada, mpaka majani ya chini. Kikombe kilikuwa kichafu.

Nisalimie shemeji, mwambie mgongo wake nauombea. Nisalimie Kibonge na dada yake Mapozi, na mama mkwe wako kama bado hamsemeshani basi msalimie kwa niaba yangu ili muanze. Wifi yako anakusalimu na anasema usiniamini kuhusu inzi, hawakuwa wanene kiasi hicho. Mungu akutunze, aulinde mguu wako, na nyumba yako aijalie hewa safi, kwa sababu hujui thamani yake.

Mama anasema uje, usingoje juu kuishe. Mtalala wote kwenye kitanda cha baba. Ila ubavu wa ukutani ni wake, hampi mtu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata kwa pua iliyokunjwa,

Bwana Pua